Kabla ya Kulalia Kitanda cha Kupandikiza Nywele, Kaa Kwanza Kando ya Sinia

Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha kupandikizia nywele hutazama kichwa. Damu iko pale, kimashine kinaunguruma pale, daktari ameinama pale. Lakini jambo lenyewe linaamuliwa hatua mbili pembeni, kwenye sinia lililo juu ya meza ndogo yenye taa, ambako vipandikizi vimelazwa ndani ya visahani vya maji baridi ya chumvi. Ukipewa nafasi ya kukaa sehemu moja tu kwa siku nzima, kaa hapo.

Kiangalie kipandikizi kimoja kwa karibu. Ni kipande cha ngozi chenye upana wa milimita moja hivi na urefu wa milimita nne au tano, kimebeba unywele mmoja, au nywele mbili, tatu, hata nne zilizoota pamoja. Juu kuna kiduara cha ngozi, katikati ala nyeupe, na chini kabisa mzizi uliovimba kama kitunguu kidogo, umezungukwa na mafuta laini. Kikiwa kizima hung'aa kama punje ya mchele iliyotoka kuoshwa. Kikiachwa juu ya glavu chini ya taa, mng'ao hupotea ndani ya dakika chache na kile kitunguu kinaanza kusinyaa. Ukikirudisha majini kitavimba tena na kuonekana sawa na wenzake, ila chembe hai zake zimeshaumia. Kitapandwa kama vingine, kitahesabiwa na kulipiwa, lakini hakitaota, na mwenye kichwa hatajua mpaka mwaka upite.

Ndiyo sababu ya kuandika haya. Kosa la fundi nguo huonekana siku ya kujaribu nguo. Kosa la chumba hiki huonekana baada ya miezi kumi na mbili, wakati akiba ya kisogoni imeshachukuliwa na hairudi. Wakati mzuri wa kukagua ni kabla, na kukagua kwa kweli ni kutazama watu wakifanya kazi kwenye kichwa cha mtu mwingine. Yaliyo hapa yametokana na siku nyingi za kukaa kando ya meza hiyo, katika vyumba vilivyofanya kazi vizuri na vilivyofanya vibaya.

Kuomba kutazama si jambo gumu. Mwambie daktari mwenyewe, si mtu wa mapokezi, kwamba ungependa kuona upasuaji mmoja kabla ya kuamua. Mgonjwa wa siku hiyo lazima akubali, na akikataa ni haki yake. Hapo kliniki haina kosa. Ila kliniki isiyoficha kitu itakupa njia nyingine: kukutana na wasaidizi wote watakaoshika kichwa chako, kuona video ya siku nzima isiyokatwakatwa, au kuzungumza ana kwa ana na mtu aliyefanyiwa mwaka mmoja na nusu uliopita. Ukijibiwa kwa picha za simu na punguzo la bei linaloisha wiki hii, usilipe chochote siku hiyo.

Siku ya kwenda, kula vizuri. Mgeni anayezimia huzimia wakati wa sindano za ganzi, maana zinachomwa nyingi na mgonjwa hukunja uso. Utavishwa kofia, barakoa na vifuniko vya viatu. Usiguse kitambaa chochote cha kijani au cha buluu, na usipige picha bila ruhusa ya mwenye kichwa.

Saa ya kwanza ni ya daktari na mgonjwa, na ni saa ambayo kliniki mbovu huiruka. Daktari anatakiwa kukishika kisogo kwa vidole, kukipima kwa kioo cha kukuza, kuhesabu vifungu vya nywele kwenye eneo la sentimita moja ya mraba, na kuuliza maswali mengi kuliko anayoulizwa. Kisogo na pande za kichwa juu ya masikio ndicho kitalu. Nywele za huko zina sifa ya kudumu hata wanaume wanapopata kipara, na zikihamishiwa mbele huendelea na tabia yake ya huko zilikotoka. Norman Orentreich wa New York aliligundua hilo: alianza kupandikiza mwaka 1952 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1959. Kabla yake, mwaka 1939, Shoji Okuda wa Japani alishaeleza jinsi ya kuhamisha vipande vya ngozi yenye nywele kwa vibomba vya duara, yaani visu vidogo vya mviringo vilivyo wazi katikati. Vipande vya enzi ya Orentreich vilikuwa na upana wa milimita nne hivi, na vilipoota vilifanana na nywele za mwanasesere. Leo kinachohamishwa ni kifungu kimoja kimoja kama kilivyoota, ila kanuni ni ileile: kitalu kina mwisho.

Hesabu yake fanya mwenyewe. Eneo salama la kisogo likiwa na sentimita 180 za mraba, na kila moja ina vifungu 70, jumla ni 12,600. Ukitoa zaidi ya nusu, kisogo kinaonekana kama kimeliwa na nondo. Ukitaka usalama unaishia chini ya hapo. Kwa hiyo mtu ana vipandikizi elfu tano, sita hivi vya maisha yake yote. Anayekuahidi elfu tano kwa siku moja ukiwa na umri wa miaka 24 anakumalizia akiba wakati kipara bado hakijasema kitaishia wapi. Kijana wa namna hiyo huja na uchungu wa kweli. Amecheka na wenzake wakimtania, na usiku amelala akijipapasa panja. Uchungu huo unastahili heshima, na heshima ni kumwambia asubiri, aanze dawa, arudi baada ya mwaka na picha.

Kuna vichwa visivyotakiwa kuguswa kabisa kwa wakati huo. Kipara cha mabaka ya duara kinachotokea ghafla ni kinga ya mwili inayoshambulia nywele, na itashambulia hata zilizopandwa. Mapunye yatibiwe kwanza. Mwanamke ambaye nywele zimenyonyoka pembeni kwa kusuka kwa kukaza anaweza kupandikizwa vizuri, lakini baada ya kuacha msuko unaovuta na kuona kwamba hali imetulia. Yule ambaye upara umeanzia utosini na kusambaa, ngozi ikawa laini inayong'aa bila vinyweleo, huenda ana ugonjwa wa kovu. Huyo anahitaji kipande kidogo cha ngozi kipimwe maabara, na ugonjwa uwe umelala muda mrefu kabla ya kufikiria upasuaji. Daktari asiyegusa utosi wa mwanamke kabla ya kumpa bei anakosea kazi yake.

Nywele za kipilipili zina jambo lake, na wenye nywele hizo ndio wanaoumizwa zaidi na vyumba visivyozizoea. Unywele wa aina hii haujipindi juu ya ngozi tu. Mzizi wenyewe umepinda chini kwa chini. Kibomba kilichonyooka kikishuka moja kwa moja kinakata mzizi katikati. Daktari anayejua hutumia kibomba kipana kidogo, cha milimita moja au zaidi badala ya 0.8, hushuka kifupi, na huanza na vipandikizi 20 hadi 50 vya majaribio ambavyo msaidizi huviangalia kwenye hadubini hapohapo. Katika 100, vilivyokatika visizidi vitano. Vikifika 20, anatakiwa kubadilisha kibomba au kusimamisha kazi. Muulize pia kuhusu makovu yanayovimba. Kama ngozi yako huota kovu nene baada ya kidonda au kutoboa sikio, daktari makini atapanda vichache sehemu iliyofichika, kisha asubiri miezi kadhaa aone ngozi inajibu nini. Faida ya nywele hizi ni kwamba msokoto hufunika ngozi sana, hivyo vinahitajika vichache kupata ujazo uleule.

Kuhusu gharama, uliza unalipia nini. Wanaotoza kwa kipandikizi wanashawishika kuongeza idadi, na njia rahisi ni kukigawa kifungu cha nywele mbili kuwa viwili vya unywele mmoja. Wanaotoza bei moja ya jumla wanashawishika kumaliza haraka. Dawa ya yote mawili ni kudai hesabu iliyoandikwa: vipandikizi vya unywele mmoja vingapi, vya nywele mbili vingapi, vya tatu vingapi. Mfano, 400 vya mmoja, 1,300 vya mbili na 700 vya tatu ni vipandikizi 2,400 vyenye nywele 5,100. Mwingine akikuambia 2,800 vyenye nywele 4,000, umelipia zaidi ukapata kidogo. Ongeza na yasiyotajwa kwenye bei: vipimo vya damu, dawa za baada ya upasuaji, siku saba hadi kumi za kukaa mbali na watu, na dawa ya kulinda nywele ulizobaki nazo, ambayo ni gharama ya miaka. Kwa wanaume, finasteridi ya miligramu moja kwa siku iliidhinishwa Marekani mwaka 1997. Minoksidili ya kupaka iliidhinishwa mwaka 1988. Bila kuzuia upotevu unaoendelea, nywele zilizopandwa hubaki kama kisiwa, na bahari ya kipara inazidi kupanuka nyuma yao. Finasteridi kwa baadhi ya wanaume huathiri nguvu za kiume au kuleta huzuni, kwa hiyo ijadiliwe na daktari, si kununuliwa tu. Pia hushusha kipimo cha damu cha tezi dume kwa karibu nusu. Anayeitumia amwambie kila daktari anayempima.

Kisha inakuja kuchora. Daktari anasimama mbele ya mgonjwa aliyeketi wima, si aliyelala, na kuchora mstari wa mbele kwa kalamu. Kwa mwanaume sehemu ya katikati huwekwa sentimita saba hadi tisa juu ya katikati ya nyusi. Mgonjwa karibu kila mara huomba ushushwe. Kila sentimita inayoshushwa inakula mamia ya vipandikizi, na uso wa miaka 50 wenye mstari wa mtoto wa shule unaonekana umebandikwa. Angalia panja zinachorwaje: zikizibwa zikawa mstari mnyoofu, huyo hajui uso wa mtu mzima. Mstari mzuri una mawimbi madogo na vijipengo, kama ukingo wa majani yaliyoota yenyewe.

Picha, presha, saini, kunyoa kisogo hadi milimita moja. Hayo yapite.

Ganzi yataka macho. Dawa ya kawaida ni lidokeini iliyochanganywa na adrenalini kidogo ya kupunguza damu. Kiwango cha juu kwa mchanganyiko huo ni miligramu saba kwa kila kilo ya mwili, na hata mtu mnene havushwi 500 hivi. Mtu wa kilo 70 mwisho wake ni 490. Lidokeini ya asilimia mbili ina miligramu 20 kwa kila mililita, kwa hiyo ni mililita 24 na nusu tu. Ya asilimia moja ni mara mbili ya hapo. Anayechoma sindano awe na mtu anayeandika kila mililita na saa yake, kwa sababu ganzi itaongezwa tena mchana wakati wa kupanda, na hesabu inaendelea kutoka asubuhi. Mgonjwa akisema midomo inamfa ganzi, ana ladha ya chuma mdomoni au masikio yanavuma, dawa imezidi na kazi inasimama papo hapo. Hatua inayofuata inaweza kuwa degedege. Omba uoneshwe sanduku la dharura: oksijeni, adrenalini ya mzio, na dripu ya mafuta ya asilimia 20 inayotumika ganzi ikizidi. Muulize nesi liko wapi. Anayejua hunyoosha mkono bila kufikiri.

Mgonjwa aseme dawa zote anazotumia. Baadhi ya dawa za presha na mapigo ya moyo, kama propranololi, zikikutana na adrenalini zinaweza kupandisha presha ghafla. Aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda huongeza kuvuja damu, lakini asiache dawa ya moyo kwa neno la kliniki ya nywele, aulize aliyemwandikia.

Sasa mgonjwa analala kifudifudi na kutoa kunaanza. Kuna njia ya ukanda, ambapo daktari hukata kipande kirefu cha ngozi ya kisogo, kukishona, na wasaidizi kukichambua chini ya hadubini. Inaacha kovu la mstari mmoja. Kuna njia ya kutoa kimoja kimoja kwa kibomba, inayoacha vidoa vidogo vingi. Hakuna njia isiyoacha kovu, hata tangazo liseme nini. Vivyo hivyo, kisu cha yakuti au kalamu ya kupandia ni vifaa tu; mkono unaovishika ndio wenye kazi.

Katika njia ya kibomba, swali la kwanza ni nani ameshika kibomba. Kukata ngozi ya mtu ni upasuaji, na Jumuiya ya Kimataifa ya Upasuaji wa Kurejesha Nywele, iliyoanzishwa mwaka 1993, imeonya kwa miaka kuhusu kliniki ambako daktari huonekana asubuhi kusalimia, kisha kazi yote ya kukata hufanywa na watu wasio na leseni. Hilo hutokea Istanbul, ambako watu wengi husafiri kwa ajili ya nywele, na hutokea kwingine pia. Ukiona daktari mmoja ana wagonjwa watatu kwenye vyumba vitatu kwa wakati mmoja, hesabu mwenyewe yuko kwa nani.

Swali la pili ni mpangilio. Mkono mzuri unarukaruka: unatoa kimoja, unaacha viwili au vitatu, unahamia pembeni, ili kisogo kipungue sawasawa. Mkono mvivu unamaliza sehemu moja kwa sababu kitanda hakihitaji kusogezwa, na hapo ndipo panapotokea doa jeupe ambalo kinyozi atakuuliza. Swali la tatu ni mwendo. Vipandikizi 2,400 kwa saa tatu ni 800 kwa saa, yaani kimoja kila sekunde nne na nusu. Mzoefu anaweza. Akienda kasi zaidi ya hapo, nenda kwenye hadubini uangalie.

Na hapa turudi kwenye sinia. Msaidizi anavuta kila kipandikizi kwa vibanio viwili: kimoja kinashika juu, kingine kinapokea chini, kwa upole, kwa sababu akivuta kwa nguvu ala inachubuka na kitunguu kinabaki ndani. Anakilaza kwenye maji ya chumvi yenye baridi ya nyuzi nne hivi, juu ya barafu au kibaridishio. Kisahani kinaandikwa saa. Vinapangwa kumikumi kwa aina, ili hesabu iwe rahisi. Kanuni ya jumla inayofuatwa ni kwamba katika maji baridi hupotea karibu kipandikizi kimoja kwa 100 kwa kila saa nje ya mwili. Kwa hiyo vya kwanza kutolewa ndivyo vya kwanza kupandwa. Saa sita zina hasara inayovumilika. Hewa kavu haina uvumilivu huo.

Tazama mambo haya madogo. Maji yanabadilishwa, au barafu imeyeyuka tangu saa nne asubuhi? Msaidizi anapoitwa pembeni anafunika kisahani, au anaacha vitano vimelala juu ya gozi kavu, kile kitambaa chepesi cha hospitali? Vilivyokatika vinawekwa kando na kuandikwa, au vinachanganywa na vizima ili idadi itimie? Kipandikizi kilichokatika utakijua: unywele unaishia ghafla kama kijiti, bila kitunguu. Katika chumba kizuri utamsikia msaidizi akimwambia daktari, "Daktari, vimekatika vitatu mfululizo upande wa kulia," na daktari anabadilisha mwelekeo wa kibomba bila kukasirika. Sentensi hiyo moja inakueleza mengi kuhusu mahali pale. Mahali ambapo msaidizi anaogopa kuisema, vipandikizi vinakufa kimya.

Baada ya chakula mgonjwa anageuzwa chali na daktari anatoboa vitundu vya kupandia, kwa sindano nene au kisu chembamba cha milimita 0.7 hadi 1.2. Huu ndio uchoraji wenyewe, na usiachiwe mwingine. Mwelekeo wa kitundu ndio mwelekeo wa unywele maisha yote. Mbele nywele hulala kwenda mbele kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20, kwenye panja zinakaribia kulala bapa, na utosini zinafuata mzunguko wake. Safu za kwanza mbili tatu za mbele zinapata vipandikizi vya unywele mmoja tu. Vya nywele mbili na tatu vinakaa nyuma kujaza. Kwenye sentimita moja ya mraba, vitundu 35 hadi 45 vinatosha vichwa vingi. Eneo la sentimita 60 kwa vitundu 40 ndilo linalokula vile 2,400. Anayejisifu kupanda 70 kwa sentimita kwa mvutaji sigara anaweza kuizuia damu kufika, na ngozi ya katikati mbele ikageuka nyeusi ikafa. Mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla na baada, na akishindwa kuacha, amwambie daktari ukweli.

Kupanda ndiko kazi ndefu, na hapo uchovu unaingia chumbani. Wapandaji wawili, vipandikizi 2,400, saa nne: kila mmoja anapanda 300 kwa saa, kimoja kila sekunde 12. Anayejua hashiki kitunguu. Anashika mafuta yaliyo chini yake au ala pembeni, anakiingiza kwa mwendo mmoja, na kukiacha usawa wa ngozi au juu kidogo kama unene wa karatasi ngumu. Kikizama, ngozi inajifunga juu yake na baadaye kunatokea shimo au kijipu. Kikikaa juu sana, kinakauka na ngozi inapona na vinundu. Mpandaji anaweka mkononi vipandikizi vichache tu kwa wakati, kumi au kumi na tano, juu ya gozi iliyolowa, na mwenzake ananyunyiza maji. Ukiona glavu imebeba arobaini, kumbuka ule mng'ao.

Kosa la mchana ni kuruka nje. Kikiingizwa kimoja, jirani yake anachomoza. Sababu huwa ni vitundu vilivyobanana, kipandikizi kinene kuliko kitundu, au damu inayovuja kwa mgonjwa aliyekunywa pombe jana yake. Anayejua anasimama, anakandamiza kwa gozi dakika kadhaa, anahamia eneo jingine. Aliyechoka anasukuma tena na tena, na kila msukumo unaponda mzizi. Kosa jingine ni kuweka kimoja juu ya kingine kwenye kitundu kilekile kwa kutoona. Kinaoza chini na kutoa usaha baada ya wiki. Kwa hiyo tazama saa tisa alasiri, si saa nne asubuhi. Wapandaji wanapokezana? Wamekunywa maji? Kuna anayehesabu vitundu vilivyobaki wazi? Mwisho wa kazi daktari anatakiwa kurudi na kioo chake, kupita safu kwa safu, na wasaidizi kupekua gozi zilizotumika kutafuta vilivyong'ang'ania.

Mgonjwa hutoka amevaa bendeji kisogoni na mbele wazi. Usiku wa kwanza analala chali, kichwa kimeinuliwa kwa mito kama nyuzi 45, taulo likikunjwa kila upande wa shingo lisimwache ageuke. Ananyunyiza maji ya chumvi ya hospitali kila nusu saa hadi saa moja akiwa macho. Siku ya pili hadi ya tano uso unaweza kuvimba, maji yakishuka kutoka paji hadi kope. Inatisha lakini huisha yenyewe. Kinachotakiwa kumrudisha kliniki haraka ni maumivu yanayoongezeka, homa, usaha, au ngozi ya mbele inayogeuka ya kijivu na kisha nyeusi.

Kuosha kunaanza siku ya pili au ya tatu kadiri alivyoelekezwa, kwa kumimina maji kwa kikombe, bila mkondo wa bomba na bila kucha. Vigaga vinalainishwa kwa povu na kuondoka vyenyewe kati ya siku ya saba na ya kumi. Kabla ya hapo, kubandua kigaga kunaweza kuondoka na mche mzima. Baada ya siku ya kumi umeshika. Kofia iwe pana isiyogusa. Mazoezi ya kutoa jasho na kuogelea visubiri.

Kisha inakuja wiki ya tatu, na hapa watu hulia. Nywele zilizopandwa huanza kudondoka, wakati mwingine pamoja na zilizokuwepo jirani zake kwa mshtuko wa upasuaji. Anayeambiwa mapema hulala usingizi. Asiyeambiwa hudhani ameibiwa. Mzizi umebaki ndani, umepumzika. Mwezi wa tatu au wa nne vinachomoza vinywele vyembamba, pengine na vipele; mwezi wa sita kunaonekana kama nusu ya kazi; mwezi wa 12 ndio wa kuhukumu mbele, na utosi hungoja hadi mwezi wa 18.

Siku ya kutoka kliniki, dai karatasi ya chumbani: idadi kwa kila aina, vilivyokatika vingapi, ganzi kiasi gani, nani alitoa, nani alitoboa, nani alipanda, saa ya kuanza na kumaliza. Piga picha mbele, panja zote mbili, utosi na kisogo, nywele zikiwa zimelowa, chini ya taa ileile, na urudie kila mwezi mahali palepale. Mwezi wa 12 ukifika na mbele pamejaa kidogo, karatasi hiyo na picha hizo ndizo zitakazomwezesha daktari mwingine kujua kama tatizo lilikuwa kwenye kibomba, kwenye kisahani au kwenye vitundu, na kama kitalu bado kina cha kutoa.